Hivi daktari wa moyo akishakuwa profesa bado anatibu, au limebaki jina tu mlangoni?

#1 Mtu wa Chalinze

Wakuu habari za jioni.

Nina dukuduku, wenye uelewa naomba mnisaidie. Kaka yangu ana tatizo la mlango wa moyo, anahudhuria kliniki hospitali moja kubwa, siitaji maana sitaki kesi. Kadi yake ina jina la profesa. Tunakaa benchi toka alfajiri, tukiingia ndani tunakuta vijana. Sio wabaya, wanapima, wanaandika, wanatoa dawa, wanaongea vizuri. Ila profesa mwenyewe tunamuonaga kwenye taarifa ya habari, mara yuko mkutanoni Ulaya, mara anazindua sijui nini, mara katoa utafiti.

Hoja yangu ni hii na nitaisimamia: mtu mmoja hawezi kutibu, kufundisha na kutafiti kwa pamoja. Lazima kimoja kife, na kinachokufa siku zote ni kutibu. Si wachague basi? Anayetaka kuandika akae chuoni aandike, anayetaka wagonjwa abaki na wagonjwa. Na huo utafiti wenyewe umemsaidia nani hapa kwetu?

Karibuni, matusi hapana.

#2 Mtarajiwa

Siti ya mbele, nimekuja na karanga zangu.

#3 Mkorofi wa Tandika

Hela mkuu. Asubuhi serikalini, jioni hospitali binafsi, na huko ukilipa unamuona yeye mwenyewe na jina lako analijua. Utafiti ni posho za safari. Mods fungeni uzi.

#4 Rezidenti Mchovu

Mkorofi punguza spidi. Mimi nipo humo ndani nasomea ubingwa, sisemi wapi.

Mleta mada, hao vijana uliowakuta ndio kufundisha kwenyewe huko. Nikimuona kaka yako leo, kesi ikiwa ngumu naibeba mpaka kwa bosi, tunaijadili, anaweza kubadilisha kila nilichoandika. Wewe huko nje huoni hilo, unaona tu nimeingia nimetoka.

Sasa niambieni hii iko fungu gani. Kuna mama alilazwa anahema kwa shida, sisi wote tumemsikiliza moyo tukasema hatusikii kitu cha ajabu. Profesa akaja raundi, akamgeuza mama alalie ubavu wa kushoto, akaweka ile stetoskopu upande wa kikombe, kaigusisha tu bila kukandamiza, akasema njooni mmojammoja na hakuna kuondoka mpaka usikie. Ukitulia unasikia mngurumo mzito, wa chini kabisa, yaani kama lori linapita barabara ya mbali. Mlango wa kushoto umebana. Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaja kuthibitisha baadaye. Mgonjwa mmoja akala nusu saa nzima na korido imejaa watu wanalalamika kama wewe hapo. Alikuwa anatibu au anafundisha? Mimi nasema vyote, na yule mama alitibiwa na profesa ingawa kwenye faili mwandiko ni wangu.

Na msifikiri watu wanaokota huo uprofesa. MD, shahada ya kwanza ya udaktari, miaka mitano, intani mwaka, MMed, yaani ubingwa, ya magonjwa ya ndani miaka mitatu, hapo bado ubingwa bobezi wa moyo, halafu wengi wanaongeza PhD ili wapande chuoni. Wenzako mliomaliza nao form six washajenga na kupangisha.

#5 Mtu wa Chalinze

Rezidenti asante, ila umenijibu kufundisha, utafiti umeuruka.

#6 Kijana wa Kondele

Wacha niingie kutoka huku Kenya. Mkitaka mtu aliyebeba hizo kazi tatu zote angalieni Bongani Mayosi wa Cape Town. Huyo ndiye alisukuma ule utafiti wa REMEDY, wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki, yaani ile inaanza na koo la utotoni halafu inaharibu valvu, hiyo milango ya moyo. Nchi 14, sisi Kenya tulikuwemo. Mwajua umri wa kati wa hao wagonjwa ulikuwa ngapi? Miaka 28! Halafu walipowafuatilia miaka miwili, karibu 17 kwa kila 100 walikuwa wamekufa. Kule Ulaya huu ugonjwa wanausoma tu vitabuni siku hizi, hakuna mzungu angekuja kuhesabu watu wetu kama daktari wa hapa hangeamua kuhesabu. Sasa mnaniuliza utafiti unasaidia nani, kwanza ujue wanaokufa ni akina nani.

#7 Chuma cha Pua

Mayosi si ndio yule alipandikiza moyo wa kwanza duniani? Hospitali ya Groote Schuur.

#8 Mzee wa Takwimu

@Chuma cha Pua hapana. Aliyepandikiza ni Christiaan Barnard, tarehe 3 Desemba 1967, mgonjwa akiitwa Louis Washkansky, akaishi siku 18. Huyo alikuwa mpasuaji. Mayosi hakuwa wa kupasua, alikuwa wa kusikiliza, kupima na dawa, na mwaka huo wa 1967 ndio kwanza alikuwa amezaliwa huko Transkei, baba yake naye daktari. Udaktari kasoma Natal, akaenda Oxford kwa PhD, akarudi nyumbani. Kurudi huko ndiko watu wanakoruka, wakati angeweza kabisa kubaki. Mwaka 2006 akawa mkuu wa idara ya tiba Chuo Kikuu cha Cape Town (UCT) na hapohapo Groote Schuur, mwafrika mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo.

#9 Chuma cha Pua

Si hospitali ileile lakini? Basi nimekaribia 😂

#10 Mhaya wa Kampala

Na hiyo REMEDY hata Tanzania tulikuwemo nadhani.

#11 Mzee wa Takwimu

Hatukuwemo. Ukanda huu zilikuwa Kenya, Uganda, Rwanda na Ethiopia. Nje ya Afrika waliingia India na Yemen. Tusijipe sifa za jirani.

#12 Sista Nesi

Kwenye huo utafiti kuna kitu kimoja huwa nakisema kila siku wodini na watu hawanisikii. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, theluthi mbili, na walio katika umri wa kuzaa waliokuwa wanatumia uzazi wa mpango hawakufika hata 4 katika 100. Valvu imebana, halafu anabeba mimba, mimba inaongeza damu mwilini, mapigo yanapanda, mlango uleule mwembamba. Anatuletea wiki ya 28 midomo imeshabadilika rangi, mume anasema mbona alikuwa anafua tu nyumbani. Kabla hujaona namba kama hiyo unadhani ni bahati mbaya ya mgonjwa wako mmoja. Ukiiona unajua kliniki ya moyo haikuwa inaongea kabisa na kliniki ya uzazi, majengo yanatazamana na watu hawaongei!! Kwa hiyo mleta mada, mimi naupokea utafiti. Ninachokataa ni profesa kuandika hilo halafu wodini kwetu asilete hata kikao kimoja.

#13 Mkorofi wa Tandika

Kumbe tunakubaliana sista. Kaandika, kapanda cheo, kaondoka.

#14 Sista Nesi

Hatukubaliani, nimesema walete kikao. Soma vizuri.

#15 Rezidenti Mchovu

Niongezee hapo kwa Mayosi maana kuna moja naipenda zaidi ya REMEDY. Kifua kikuu kinaingia mpaka kwenye kifuko kinachozunguka moyo, kinajaa maji, moyo unabanwa. Sasa miaka na miaka madaktari walikuwa wanagawanyika, hawa wanampa mgonjwa predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, juu ya dawa za TB, hawa hawampi, na kila mmoja anatetea alichofundishwa na mwalimu wake. Hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika. Mayosi na wenzake wakaendesha jaribio linaitwa IMPI, wagonjwa 1,400, nchi 8 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, wakalitoa 2014. Jibu likawa hivi: kwa ujumla wake, ukichanganya vifo na matatizo makubwa, ile dawa haikuleta tofauti. Ila ilipunguza kile kifuko kukakamaa baadaye. Na kwa wenye VVU ikaonekana saratani zinaongezeka.

Hilo swali lilitoka kitandani, halikutoka maktaba. Ndio maana nasema ukimtoa profesa wodini utafiti wake utakuwa wa kuuliza vitu ambavyo hakuna mgonjwa anavyo.

#16 Mkorofi wa Tandika

Yaani nchi nane, watu elfu moja na mia nne, hela za watu, jibu "haileti tofauti". Hata bibi yangu angewaambia bure.

#17 Mama Wawili Mbezi

Mkorofi hilo la kujua dawa haisaidii wewe unalidharau kwa sababu halijakukuta. Mdogo wangu ana valvu ya rumatiki na mapigo hayaendi sawa, yuko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kila mara INR, kile kipimo cha damu inavyoganda, kila mara kutobolewa, mara damu nzito mara nyepesi sana, mboga za majani tukawa tunaziogopa. Akaja ndugu yetu kutoka nje akasema huko hamna tena mambo ya warfarini, kuna vidonge vya kisasa havina kupima. Tukachanga, tukanunua. Kurudi kliniki daktari akatusimamisha palepale, akasema kwa mgonjwa wa aina yake hiyo imeshajaribiwa na ya zamani ndiyo iliyoshinda. Sikuamini nikadhani anatubania. Kuna anayejua hiyo habari kweli?

#18 Rezidenti Mchovu

Ni kweli kabisa mama. Jaribio linaitwa INVICTUS, lilitoka 2022, wagonjwa zaidi ya 4,500 wa hii hii rumatiki yenye mapigo kwenda ovyo, Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Walilinganisha rivaroxaban na dawa za jamii ya warfarini, watu wengi walitegemea ya kisasa ishinde au angalau zitoke sare. Waliokuwa kwenye dawa ya zamani walikufa wachache zaidi. Na Mayosi alikuwa miongoni mwa walioanzisha wazo hilo ingawa hakuwahi kuona majibu, alishafariki. Mdogo wako asibadilishe kitu bila daktari wake. Na mboga ale tu, cha msingi kiasi kisipande na kushuka leo hivi kesho vile.

#19 Mama Wawili Mbezi

Asante sana. Laki zimeenda lakini asante.

#20 Mtu wa Chalinze

Hapo kidogo nimeanza kulegea. Ila bado ni Cape Town hiyo. Wao wana vyuo, wana maabara, wana hela. Nataka cha huku.

#21 Mhaya wa Kampala

Cha huku hiki hapa. Uganda walifanya utafiti wa hiyohiyo rumatiki, unaitwa GOAL. Walipita mashuleni na mashine za eko za kubeba mkononi, wakapima watoto zaidi ya laki moja, watoto ambao hawaumwi, wanacheza mpira, lakini valvu ndani zimeanza kuharibika. Wakachukua 818 wakawagawa, nusu wakachomwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne, nusu hawakuchomwa, wakakaa nao miaka miwili. Upande wa sindano watoto 3 ndio walizidi kuharibika. Upande wa pili 33. Mashine, vijiji, watoto, manesi wa hapahapa. Daktari Emmy Okello wa Uganda Heart Institute pale Mulago alikuwa mmoja wa vinara wake.

Ile sindano mnaijua lakini? Dawa nzito kama uji, sindano yenyewe ya tundu kubwa, mtoto anachechemea siku mbili. Kumshawishi mtoto anayejiona mzima akachomwe kila mwezi, hiyo nayo ni kazi ya udaktari na hakuna anayeiandika kwenye makala.

#22 Kijana wa Kondele

Sindano hiyo naijua, usinikumbushe buda.

#23 Mkorofi wa Tandika

Mhaya jina la kwanza kwenye hiyo makala ni la nani? Mzungu wa Marekani. Mulago wametoa watoto na jasho, jina la mbele limeenda Marekani. Haya nitukaneni.

#24 Mhaya wa Kampala

Andrea Beaton, ndio, Mmarekani, na amefanya kazi Uganda miaka mingi. Okello ni wa pili. Hela zilitoka huko kwao. Sasa ulitaka wasubiri bajeti ya Kampala?

#25 Sista Nesi

Hapo Mkorofi leo umegusa penyewe. Mimi nimeshakusanya fomu za tafiti za watu, nimelipwa nauli, jina langu sikuliona hata kwenye shukrani.

#26 Dokta Kandambili

Niwape upande wa mwandikaji maana mimi nafundisha, sio moyo ila jirani yake. Kupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, mpaka profesa kamili, wanahesabu machapisho. Hawahesabu wagonjwa. Unaweza kuwa umetibu mji mzima, umefundisha madaktari wote wa kanda, kamati ikikaa inauliza makala zako ziko wapi. Sasa mtu mwenye akili anafanya nini? Anaiba muda palipo rahisi kuiba. Mwanafunzi ukimkosesha kipindi atalalamika kwa mkuu wa idara. Mfadhili ukichelewesha ripoti anakata hela. Mgonjwa ukimuachia rezidenti atakwenda kulalamika mtandaoni. 😂

Halafu ongezeni kibali cha kamati ya maadili ya chuo, kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, barua za hospitali, barua za mkoa. Nimewahi kuona swali zuri kabisa likafia kwenye barua.

#27 Mtu wa Chalinze

Dokta kwa hiyo hoja yangu ni sahihi, kinachokufa ni kutibu!

#28 Rezidenti Mchovu

Kinapungua, hakifi. Na usisahau wengine wananyanyua juu zaidi ya mgonjwa mmojammoja. Kabla ya JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kuanzishwa 2015 pale Muhimbili, mara nyingi mtu wa valvu au tundu la moyo alikuwa anasubiri rufaa ya India, na asiyepata rufaa alikuwa anachangisha kwenye daladala. Kujenga timu ya ndani ya kuweka betri za moyo, ya mtambo wa kuingiza mirija kwenye moyo, ya upasuaji, ni kazi ya hao maprofesa unaowaona kwenye TV. Huwezi kujenga taasisi ukiwa umefungiwa chumba namba sita na mafaili 60.

#29 Chuma cha Pua

Profesa Janabi alianzia hapohapo kwenye moyo, kawa mkurugenzi wa JKCI, kaenda kuongoza Muhimbili yenyewe, na 2025 kachaguliwa mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, yupo Brazzaville. Sasa hiyo ni hasara ya mgonjwa mmoja wa Chalinze au faida ya bara zima? Nauliza tu.

#30 Mtarajiwa

Faida kwangu, maana hapa nyumbani nilikuwa siwezi kula ugali saa mbili usiku kwa amani, baba kashika ule ushauri wa Janabi wa mlo na kufunga, anasema profesa kakataza 😂😂

#31 Mkorofi wa Tandika

Mfungo wa hiari bara zima, tusubiri.

#32 Mzee wa Takwimu

Tukirudi kwenye hoja, kuna mwingine ambaye hatajwi sana, Ana Olga Mocumbi wa Msumbiji. Daktari wa moyo, anafundisha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Walikwenda Inharrime, mkoa wa Inhambane, pwani, na mashine ya eko, wakapima watu 1,063 waliochaguliwa bila kupendelea. Kuna ugonjwa ndani ya moyo unaitwa EMF, ukuta wa ndani unageuka kovu, moyo unashindwa kutanuka. Tumbo linajaa maji kweli kweli ilhali miguu haijavimba kiasi hicho, wengi huko wanadhani ni kurogwa. Walikuta asilimia 19.8 wanao. Mtu mmoja kati ya watano! Na wengi wao walikuwa hawajisikii chochote. Ikatoka 2008.

Ugonjwa huu ulielezwa Mulago miaka ya 1940 na Davies. Mpaka leo hakuna anayejua kinachousababisha.

#33 Kijana wa Kondele

Eti hakuna anayejua? Miaka themanini?

#34 Mzee wa Takwimu

Hakuna jibu moja. Wapo wanaosema minyoo, kwa sababu minyoo inapandisha zile chembe za damu zinazoitwa eozinofili na chembe hizo zikizidi zinaumiza moyo. Wapo waliosema mihogo. Kule Kerala, India, walisema madini ya seriamu kwenye udongo pamoja na kukosa magnesiamu. Kuna utafiti wa Mulago wa miaka ya 1990 uliona umaskini na hizo eozinofili vinakwenda nao pamoja.

#35 Bint Pangani

Subiri subiri. Mihogo?? Mihogo ipi? Sisi huku Tanga mihogo asubuhi ya chai, mchana ya nazi, jioni ya kukaanga na pilipili ya embe. Bibi yangu kaila toka amezaliwa na anapanda mnazi.

#36 Mkorofi wa Tandika

Bibi anapanda mnazi?

#37 Bint Pangani

Ni namna ya kusema, tulia.

#38 Mhaya wa Kampala

Nadharia ya mihogo ilikuwa ya ile michungu isiyoandaliwa vizuri, kwa watu wanaokula hiyo tu bila protini. Sio mihogo yako ya nazi. Na hata hiyo haijathibitishwa, wala minyoo haijathibitishwa, maana minyoo iko kote na EMF iko madoa madoa. Kampala zamani waliiona sana kwa wahamiaji wa kutoka Rwanda na Burundi, watu wakasema ni damu, wengine wakasema ni kwa kuwa ndio walikuwa maskini zaidi mjini.

#39 Mama Wawili Mbezi

Mimi nasema ni umaskini, hayo mengine yote yanaingia humo.

#40 Rezidenti Mchovu

Umaskini mama hauwezi kuuona kwenye darubini. Umaskini kupitia nini? Ndio swali lenyewe. Mtu wa Chalinze, huyu ndiye profesa unayemlaumu. Anaona tumbo moja limejaa maji kliniki, la pili, la tano, wote kutoka wilaya moja, anabeba mashine anakwenda wilayani. Angekaa kliniki tu angekuwa anawatoa maji tumboni mpaka anastaafu.

#41 Dokta Kandambili

Na angekaa chuoni tu asingewaona.

#42 Mtarajiwa

Samahani nauliza, Mayosi alifarikije? Hapo juu mmesema hakuona majibu.

#43 Kijana wa Kondele

Alijiondoa uhai, Julai 2018, miaka 51. Familia ilisema alikuwa na sonona kwa muda. Alikuwa amepewa ukuu wa kitivo chote cha afya UCT Septemba 2016, palepale moto wa maandamano ya ada ukawaka, wanafunzi wakaingia ofisini kwake, yeye katikati ya wanafunzi weusi waliomtegemea na chuo kilichomuajiri. Pamoja na hayo alikuwa bado anataka kuwa mtafiti na kusimamia mpango wa kutoa wataalamu wa afya 1,000 wenye PhD Afrika Kusini. Mimi naona kazi ilimzidi.

#44 Mtu wa Chalinze

Pole kwa familia. Lakini si ndio nilichosema? Mtu mmoja kazi tatu, ikaongezwa ya nne.

#45 Sista Nesi

Hapana jamani, hapo naomba tupunguze uhodari. Sonona ni ugonjwa. Wapo wenye kazi moja na wanaupata, wapo wenye kazi tano hawaupati. Chuo chenyewe kiliunda jopo likachunguza, hata wao hawakusema ni kitu kimoja. Na yeyote anayesoma hapa anajisikia kuzidiwa amtafute mtu aongee, nenda hata kituo cha afya, usijifungie.

#46 Chuma cha Pua

Sista yuko sahihi. Ila na Kondele yuko sahihi kwamba yule mtu walimtoa kwenye kitu alichokipenda. Nimesoma kwamba kuna familia moja Afrika Kusini vijana walikuwa wanaanguka na kufa ghafla, wakafuatiliwa miaka kama ishirini, na 2017 yeye na wenzake, Waitaliano wakiwemo, wakatangaza wamepata jeni lenye kosa, CDH2. Miaka ishirini familia moja! Ukuu wa kitivo ni vikao.

#47 Dokta Kandambili

Nani sasa awe mkuu wa kitivo? Ukimuweka asiyejua wodi, bajeti ya wodi anaikata yeye wa kwanza. Nimeishi hiyo.

#48 Mkorofi wa Tandika

Mimi bado nipo kwenye posho.

#49 Baba Neema

Nimefuatilia uzi wote kimyakimya. Binti yangu yuko form five PCB, anataka hii njia ya moyo. Nimwambie nini?

#50 Rezidenti Mchovu

Mwambie aangalie kama anapenda kusikiliza kitu kilekile mara mia. Na hesabu asiichukie, wengi wanakimbia takwimu halafu kwenye PhD wanalia. Hela ataipata ila atachelewa kuipata.

#51 Mkorofi wa Tandika

Mwambie asomee uhasibu.

#52 Baba Neema

Asante Rezidenti. Mkorofi sikukuuliza.

#53 Mama Wawili Mbezi

Swali la mwisho na mimi. Mtoto wangu mdogo mafindofindo hayaishi. Nimuombee hiyo sindano ya kila mwezi kama ya watoto wa Uganda?

#54 Sista Nesi

Usiombe sindano mama, mpeleke akapimwe. Koo nyingi ni virusi, zinapita zenyewe. Ikionekana ni ya bakteria atapewa antibaotiki na amalize dozi yote, usiache akipata nafuu siku ya pili. Ile ya kila wiki nne ni ya mtoto ambaye ameshapata homa ya rumatiki au eko imeonyesha valvu imeguswa. Ila ukiona viungo vinavimba, mara goti mara kiwiko, au anachoka kucheza, wahi hospitali siku hiyohiyo.

#55 Bint Pangani

Mzee wa Takwimu hiyo mtu mmoja kati ya watano ya Inharrime ni watoto au watu wazima? Maana nimemwambia mama hapa kahamaki.

#56 Mzee wa Takwimu

Rika zote walipimwa, watoto kwa wazee. Na ni wilaya hiyo moja, msiihamishie Pangani. Huku kwetu nani ameshapita na mashine vijijini kuhesabu EMF? Kama yupo anayejua aweke hapa.